Mke wangu ni mhudumu wa ndege, na kuna saa nne na nusu sizielewi

*Shikamoo Bi Somo. Nina miaka 34, naishi Tegeta, Dar es Salaam. Mke wangu ni mhudumu wa ndege, tuna miezi 14 ya ndoa. Nilimwona kwenye safari ya Mwanza. Ndege ikipaa alikuwa ananitazama bila kupepesa, nikajua mioyo imeelewana. Alininyima namba mara mbili, mwisho nikaipata kwa binamu yake. Sasa wenzangu kijiweni wananicheka, wanasema wanawake hao ni mali ya marubani. Akirudi safari ndefu analala saa kumi nzima, akiwa kazini simu haipatikani, na mkobani nimekuta sabuni za hoteli (picha nimekutumia). Wiki iliyopita nilisoma rosta yake: kutua 1840Z. Ameingia ndani saa tano na dakika kumi usiku. Saa nne na nusu alikuwa wapi? Mama amesema nichague, aache kazi au nimwache. Kodi na ada ya mdogo wangu analipa yeye, ila heshima ya mwanaume haipimwi kwa hela. – Mwenye Mashaka*

Marahaba mwanangu. Pole kwa kukosa usingizi. Pole imeishia hapo, sasa tuhesabu.

Hiyo Z umeinakili kwa mkono wako na hukujiuliza ni ya nini. Rosta hiyo imeandikwa kwa saa za dunia, UTC, na sisi Afrika Mashariki tuko saa 3 mbele. 1840Z kwetu ni saa tatu na dakika 40 usiku. Kwa hiyo saa 3 kati ya hizo zako nne na nusu hazikuwahi kuwepo. Imebaki saa moja na nusu. Humo abiria washuke, mgonjwa wa kiti cha magurudumu asubiriwe, viti na vyoo vikaguliwe, ripoti ijazwe, kisha gari la wafanyakazi lianze kushusha watu mmoja mmoja hadi Tegeta. Tena siku hiyo aliwahi. Ungemuuliza yeye ungejibiwa kabla hajavua viatu, lakini uliona kijiwe ndiyo chuo cha urubani.

Turudi kwenye ndege ya Mwanza, maana ugonjwa wako ulianzia pale. Kiti cha kukunja cha mhudumu karibu na mlango mara nyingi huwaelekea abiria. Wakati wa kupaa na kutua anatakiwa akae kimya na kupitia kichwani: mlango wangu ni upi, nje kukiwa na moto au maji nafungua upande gani, amri nitakazopiga kelele ni zipi, nani hapa ana nguvu za kunisaidia. Ndege kubwa haipewi kibali mpaka ithibitike kwamba ikijaa, watu wote wanaweza kutoka kwa sekunde 90 huku nusu ya milango ikiwa haitumiki. Alikuwa anapima kama wewe ni wa kuvuta watu au wa kuvutwa. Wewe ukasoma mahaba.

Na hapo ndipo hofu yako ilipo. Unajua abiria mmoja alivyomtazama na kumfuata hadi kwa binamu, kwa hiyo kila abiria unamwona ni wewe. Mkeo alikataa mara mbili! Hilo umeliandika kama sifa yako, mimi nalisoma kama sifa yake.

Maneno ya kijiweni hayakuanzia kijiweni. Mwaka 1930 mhudumu wa kwanza wa kike, Ellen Church, alikuwa muuguzi, na wenzake wa mwanzo walitakiwa wawe wauguzi. Baadaye kampuni za Marekani zikaanza kuuza tiketi kwa sura na miguu ya wasichana. Aliyeolewa alifukuzwa kazi, ili abiria waendelee kuota. Ndoto ile ya wauza tiketi ndiyo wenzako wanayoirudia kwenye kahawa, miaka hamsini baadaye, bila hata kulipwa.

Kazi yenyewe ni hii. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopian iliyotekwa ikielekea Nairobi iliishiwa mafuta, ikaanguka baharini kando ya Ngazija, Komoro. Kati ya watu 175 walikufa 125. Wapo waliojaza hewa maboya wakiwa bado ndani. Maji yalipopanda yakawanyanyua hadi darini, wakashindwa kupiga mbizi kuifuata njia ya kutokea. Mkeo akisimama mbele na kusema boya lisijazwe mpaka ufike mlangoni, anazungumzia hayo, na wanaume kama ninyi mnakagua sketi.

Sabuni ya hoteli inaonyesha kwamba alilala hotelini, ambako mwajiri ndiye aliyempangia. Simu huzimwa akiwa kazini. Kuhusu usingizi: akitoka Guangzhou anatoka mahali palipo saa 5 mbele yetu, amesimama usiku kucha kwenye hewa kavu iliyopunguzwa nguvu kama ya mlima wa zaidi ya mita 1,800. Mwili huo ukikaa macho kukupakulia wali ni miujiza. Rubani naye amechoka vilevile, na kikosi hupangwa na ofisi. Wa leo wanaweza wasikutane tena wiki kadhaa.

Ndoa za siku hizi zina jambo linaloniudhi. Dereva wa lori akienda Lubumbashi na kukaa foleni Tunduma siku nne, mkewe anaambiwa avumilie, mume anatafuta. Mvuvi akienda dago miezi miwili, mke anafunga kanga na kusubiri. Mwanamke akilala nje usiku mmoja kwa rosta iliyopigwa muhuri, ukoo mzima unakutana. Na mnaolalamika ndio mnaokula jasho lake. Umesema heshima haipimwi kwa hela, lakini kodi hujairudisha.

Mama yako simlaumu sana. Umempelekea saa nne na nusu za uongo, naye akahukumu alichopewa. Mpigie leo, mweleze ile Z, halafu mwambie ada ya mdogo wako inatoka wapi. Sidhani kama anajua.

Mkeo akirudi, mwombe rosta ya mwezi mzima. Kaa naye, mgeuze kila saa kwa kuongeza 3, ibandikeni jikoni. Siku ya kuondoka alfajiri, wewe ndiye wa kuamka kupasha chai. Siku ya kurudi toka safari ndefu, funga pazia, zima redio, chakula kifunikwe, maneno yasubiri mpaka aamke mwenyewe. Akiwa ugenini, mkubaliane ujumbe mmoja akifika hotelini na mmoja kabla ya kulala, si simu kumi na saba.

Na hizo sabuni, zirudishe mkobani kabla hajajua kwamba ulizipiga picha.