Usiende kwa msimamizi na "kesi zote zinaenda vizuri"

Mdogo wangu, umeuliza ufanyeje ili ile saa ya usimamizi kwenye mafunzo ya saikolojia, unapojadili wateja wako na mtaalamu mzoefu, isiishie kuwa ripoti tu. Peleka kesi moja, na swali uliloliandika kabla. "Mteja haongei" si swali. "Nilipomtajia baba yake alinyamaza, nami nikabadilisha mada, nilikuwa nakimbia nini?" Hapo kuna kazi ya kufanya. Mteja akiridhia kwa maandishi kurekodiwa, chagua dakika tano ulizobabaika, siyo zile ulizong'ara.

Kazi kubwa ni kusema usichotaka kusema: mteja anakuudhi, au unavutiwa naye, au maneno ya msimamizi yamekuchoma. Hauko peke yako. Utafiti wa Ladany na wenzake, Marekani, 1996, ulikuta karibu wanafunzi wote wana jambo walilomficha msimamizi, na mara nyingi ni hisia mbaya kumhusu msimamizi mwenyewe. Anza na dogo, uone atalipokeaje.

Ila dalili za kujiua, au mtoto anayedhulumiwa, hazingoji miadi. Mpigie msimamizi siku hiyohiyo.