Majibu kwa Wasomaji: Eti Nasoma Vibaya?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi msomaji wenu wa siku nyingi ila kuandika ndo leo. Hivi karibuni nimejisomea vitabu vya aina tofauti tofauti na maoni yangu yamenigombanisha na kikundi chetu chote cha kusoma, eti nasoma vibaya, naomba utuamulie. Nilianza na Mzimu wa Watu wa Kale cha Mohamed Said Abdulla, yule mpelelezi Bwana Msa nimempenda mno. Nikahamia kwa Agatha Christie, The Murder of Roger Ackroyd, nilipofika mwisho nikakitupa, yule mama kanichezea shere. Peponi ya Gurnah nimemaliza yote nikabaki nauliza, sasa ndo imeisha hivo? Nagona ya Kezilahabi nimeishia katikati, sikuelewa kitu na siogopi kusema. Halafu Atomic Habits, kile cha James Clear cha kujenga tabia njema, naona kurasa kumi zingetosha kabisa. Je, ni haki kutoa maoni kuhusu kitabu ambacho hujakimaliza?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, karibu. Nianze na hilo la mwisho maana ndo lenye ugomvi: ni haki kabisa, mradi useme umeishia wapi na kwa nini. Mtu akisema Nagona kaiacha katikati kwa sababu hajui nani anaongea na wako wapi, huyo katoa maoni. Akisema tu ni kitabu kibovu hajasema kitu, hata awe amekisoma mara tatu. Na kwa Nagona nakuelewa, mtu akitoka kwenye Rosa Mistika ya 1971 ambayo hadithi yake inakwenda mbele vizuri tu, akifika hii ya 1990 lazima ajiulize kama mwandishi ni yuleyule. Kezilahabi alivunja mpangilio makusudi, mambo yanakwenda kama ndoto na maswali ya falsafa yamejaa humo. Kitabu chenyewe ni chembamba, kisome kwa mkupuo mmoja bila kutaka kufumbua kila kitu, ukikwama pita. Ukikichukia tena hapo sitakubishia.

Ila kwa Ackroyd hapana, hapo nakataa. Kitabu kilipotoka 1926 kuna wasomaji walilalamika hivohivo kama wewe, kwamba Christie kacheza rafu, na wengine wakarudi nyuma wakakuta dalili zilikuwepo toka mwanzo tena kwa maneno ya kawaida tu. Mwandishi wa upelelezi anadaiwa jambo moja, asikufiche ushahidi, na huyu hakuficha, wewe ulikuwa unacheka. Maana kinachekesha kwa kweli, mpelelezi Poirot kastaafu yuko kijijini analima mumunye, siku hiyo hasira zimempanda karusha moja likavuka ukuta likamkosakosa daktari wa jirani, ndo kujuana kwao huko! Nani atafikiria mauaji hapo? Kiokote huko ulikokitupa usome polepole, safari hii angalia saa, nani alikuwa wapi saa ngapi. Naishia hapo nisiwaharibie ambao hawajakisoma.

Bwana Msa tupo pamoja, sina la kuongeza. Bwana Ali Bomani kakutwa maiti penye mzimu, watu wameshaogopa, halafu anatokea mtu mtulivu anauliza maswali ya binadamu tu. Hadithi ya 1960 hiyo na bado inakukesheza.

Sasa Peponi. Kwa wasioijua, Gurnah aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994, Kiswahili chake kimetoka 2022 kwa kazi ya Ida Hadjivayanis, mwaka mmoja tu baada ya mwandishi kupata Nobel. Yusuf ana miaka 12 na anafurahia ugeni wa tajiri Aziz kwa sababu akiondoka humwachia sarafu ya anna kumi. Siku ya kuondoka naye mtoto anaona safari ya treni, kumbe kawekwa rehani kwa deni la baba yake, na ni Khalil wa dukani anayemfungua macho kwamba huyu Aziz hana undugu na wewe, huyu ni bwana wako. Sasa mtoto aliyetolewa kimyakimya hivo, hata kuaga vizuri hakuna, wewe unataka mwisho wake ufungwe na nani? Kitabu kizima wengine ndo wanaamua, yeye anapelekwa tu, dukani, bara na msafara, akarudishwa tena, na pale anapoamua la kwake kitabu kinakatika. Inakera, ndiyo. Ila waambie kikundi kimekukera pale hasa, kwenye zile kurasa za mwisho, muone kama watakosa la kuzungumza.

Atomic Habits, hicho cha James Clear cha 2018, nakupa nusu. Ile hesabu ya kujiboresha asilimia 1 kila siku ukawa bora mara 37 kwa mwaka, kwenye kikokotozi inatoka sawa, tatizo mtu sio akaunti ya benki, kuna siku unarudi nyuma. Lakini kuna wanaohitaji kuambiwa jambo lilelile sura baada ya sura ndo liwaingie, na vitabu vya aina hii vinaandikwa kwa ajili yao. Wewe sio mmoja wao, basi.

Kwa kuwa umempenda Bwana Msa, tafuta Kisima cha Giningi, 1968, mwandishi huyohuyo. Na hicho ukikiacha njiani tuandikie umeishia ukurasa wa ngapi.