Aliyeweka kazi asikilizwe kwanza

Wiki hii mmeuliza: je, mwenye hakimiliki apewe nguvu ya kuondoa kazi mtandaoni papo hapo, bila kupita mahakamani? Mimi ni mpiga video hapa Arusha, na jibu langu ni hapana, isipokuwa kazi iwe imenakiliwa yote.

Wizi upo, na unauma. Kwenye vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye flashi, albamu nzima inauzwa kwa bei ya soda, na kijana wa Ngarenaro aliyejibana akalipia studio haambulii kitu. Anayepakia filamu ya mwenzake mwanzo hadi mwisho ili avune hela ya matangazo, afutiwe leo leo.

Lakini kuna hili. Nilirekodi wakazi wakilalamikia mtaro ulioziba. Mama muuza ndizi alikuwa akionyesha kwa kiganja alama ya matope ukutani, maji yalipofikia, na ng'ambo ya barabara baa imefungulia bongofleva. Usiku uleule video ikaondolewa. Hakuna msanii aliyelalamika. Mashine ilitambua wimbo, basi. Mama na mtaro wake haikuwaona.

Mitandao mikubwa inaegemea sheria ya Marekani ya mwaka 1998, DMCA. Inauambia mtandao: ukipokea malalamiko ya hakimiliki, ondoa haraka, usije ukashtakiwa wewe. Aliyeondolewa akipinga, kazi yake hurudishwa kati ya siku 10 na 14 za kazi, mlalamikaji asipofungua kesi. Msimu wa masika siku hizo ni nyingi mno: mvua imekwisha, kikao cha madiwani kimepita, na hakuna anayetaka tena kusikia habari za mtaro.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inaruhusu kunukuu kazi ya mtu kwa kiasi kinachostahili, ukimtaja mwenyewe. Ibara ya 18 ya Katiba inalinda uhuru wa maoni. Tutazidai wapi haki hizo ikiwa hukumu inatoka kabla hujaulizwa?

Mlalamikaji aandike jina lake na aonyeshe kipande anachodai. Aliyeweka kazi apewe hata siku mbili za kujibu, video ikiwa bado hewani. Wimbo ukiwa umepita tu kwa nyuma, inyamazishwe sehemu hiyo peke yake, maneno ya watu yabaki. Na anayedai kisicho chake kwa makusudi amlipe fidia yule aliyezibwa mdomo.