Kubadili ndoana za ncha tatu kwa anayekwenda kuvua trauti British Columbia

Mkuu, umeuliza kama inatosha kukata ncha mbili kati ya tatu ili spina zako za Mepps (vyambo vyenye kibati kinachozunguka), vijiko (vyambo vya chuma vyenye umbo la kijiko) na samaki bandia wa Rapala viruhusiwe unapovua samaki aina ya trauti kwenye vijito vya British Columbia, jimbo la Kanada. Kwa spina, inatosha ukiwa umebanwa. Kwa samaki bandia, usithubutu.

Sheria ya huko kwenye mito na vijito ina masharti mawili: ndoana iwe ya ncha moja, na isiwe na kimwiba, kile kijino kinachozuia ndoana kuchomoka. Wengi hutimiza la kwanza wakasahau la pili. Na kama chambo kina ndoana mbili, tumboni na mkiani, bakiza moja tu. Hutabishana na askari wa uvuvi mtoni.

Spina za Mepps Aglia hazina pete. Ndoana imening'inia kwenye waya wenyewe. Kata ndoana ya zamani kwenye tundu lake, polepole, usiguse waya. Weka aina ya Siwash, ndoana ya ncha moja, yenye tundu lililo wazi, kisha lifunge kwa plaizi hadi ukucha usipite. Tundu likibaki na mwanya, samaki akijizungusha ndoana inachomoka. Chagua ndoana kubwa kwa hatua moja au mbili: palipokuwa na namba 8 ya ncha tatu, weka 6 au 4 (namba ikipungua, ndoana inakua). Ukilazimika kukata ncha, funika na taulo na uvae miwani, chuma hicho kigumu huruka kama risasi. Visiki vya ncha zilizokatwa lainisha kwa tupa na upake rangi ya kucha, la sivyo kutu inaanzia hapo.

Vijiko ni rahisi: vina pete kama ya funguo, fungua kwa plaizi ya kufungulia pete, badilisha, basi.

Kazi yenyewe iko kwenye samaki bandia. Ndoana ya tumboni si ya kunasa tu, uzito wake ndio unaomshikilia asilale ubavu. Ukiitoa hivi hivi, anaelea juu mno au anajiviringisha na kusokota mshipi. Kwa hiyo pima ndoana zote za zamani, pamoja na pete, kwenye mizani ya sonara inayosoma gramu 0.1 au chini. Weka ndoana mpya mkiani, na uzito uliopungua urudishe kwa kipande cha uzito chenye gundi chini ya tumbo, pale pale ndoana ilipokuwa. Kikikaa nyuma zaidi, pua inainuka na mtikisiko unakufa. Jaribu kwenye beseni kabla ya safari. Uzito wa madini ya risasi usiingie nao kwenye hifadhi za taifa za Kanada, vipande vya chini ya gramu 50 vimepigwa marufuku humo. Tumia tangsteni au bati.

Nunua ndoana ambazo tundu lake limegeuzwa robo mzunguko, zinazotengenezwa mahsusi kwa kazi hii (kampuni ya VMC inazo). Ndoana ya kawaida kwenye pete moja hukaa kiubavu. Ukiwa na za kawaida tu, pete mbili zilizoungana zinairudisha ndoana wima, ila zinaongeza uzito, kwa hiyo pima tena. Ncha ya mkiani ielekee juu, itakwepa mawe.

Kimwiba kiminye kwa plaizi yenye meno bapa, ukiishika ndoana kwa urefu wake kutokea upande wa ncha. Ukiibana kwa kuikingama, ncha inavunjika. Minya kidogo kidogo mara mbili tatu. Halafu choma kitambaa cha pamba na uchomoe: ikinasa uzi hata mmoja, hesabu kimwiba bado kipo, malizia kwa tupa. Fanya hivyo hata kwa ndoana mpya zilizoandikwa hazina kimwiba, baadhi huja na kinundu. Ukiwa mtoni usilegeze mshipi hata kidogo, trauti akiruka juu ya maji ndoana ya namna hii inatoka bila kuaga.