Maswali ya wasomaji: Uchawi usio na masharti hauna kesi

Barua za mara hii karibu zote ni za riwaya za fantasia zenye mauaji na upelelezi ndani yake. Zilizouliza "nianze na kipi?" bila kusema mtu anapenda nini nimeziweka kando.

*Mimi nikitaka uchawi nasoma uchawi, nikitaka upelelezi nasoma upelelezi. Kuvichanganya kuna utamu gani? (Morogoro)*

Utamu ni kwamba maiti anakufungulia kila nyumba. Mwandishi wa fantasia ana mzigo wa kukueleza dunia usiyoijua, na wengi huutua kwa kurasa arobaini za nasaba za wafalme. Mpelelezi hauhitaji mzigo huo. Kazi yake ni kuuliza, na siku moja huyo huyo anauliza jikoni, barazani kwa kadhi na kwa mchimba makaburi. The Tainted Cup ya Robert Jackson Bennett (2024, tuzo ya Hugo 2025) inaanza na ofisa aliyeuawa na mti uliochipuka mwilini mwake. Ukishauliza mti huo umetoka wapi, himaya nzima inaanza kufunuka: mimea yake, ujuzi wake, na nani anakula kwa jasho la nani. Usipopenda hapo, basi rudi kwenye nasaba.

*Padri Ronald Knox aliandika amri kumi za hadithi za upelelezi mwaka 1929, na ya pili inapiga marufuku nguvu zisizo za kawaida. Je, hizi riwaya si udanganyifu? (Nairobi)*

Knox alikuwa na haki ya kuogopa. Mwandishi akikwama sura ya 20 akasema "kumbe alikuwa jini", msomaji ameibiwa mchana kweupe. Lakini dawa yake si kuufukuza uchawi, ni kuuwekea mipaka na kuitangaza mapema. Randall Garrett alifanya hivyo kwenye Too Many Magicians, iliyotoka kwa mfululizo mwaka 1966 na kuwa kitabu 1967. Mtu anauawa kwenye chumba cha hoteli kilichofungwa, London, wakati wa mkutano wa wachawi. Jengo zima limejaa wenye uwezo, na bado una nafasi ya kukisia, kwa sababu umekwishaelezwa uwezo huo unaishia wapi. Hilo ndilo ninalolirudia hapa kila mara: msomaji ajue uchawi *hauwezi* nini.

*Naandika riwaya ya pwani. Mganga wangu ana uwezo wa kila kitu, ila mhariri anasema hakuna taharuki. (Tanga)*

Mhariri yuko sahihi. Na cha ajabu, waganga wetu wenyewe hawajawahi kuwa hivyo. Anayepewa hirizi hupewa na masharti: usiingie nayo chooni, usigeuke nyuma njiani, usipokee kitu kwa mkono wa kushoto. Isipofanya kazi, mteja ndiye aliyevunja sharti. Kwa mganga huo ni mlango wa kutokea. Kwako wewe ni mali.

Chukua uwezo mmoja tu. Tuseme dawa ya kufungua kufuli lolote kwa usiku mmoja, na sharti lake ni kutoitikia salamu mpaka jua litoke. Lioneshe mara tatu. Sura ya 1 liwe mzaha: watoto wanamcheka mlevi anayejifanya bubu eti amebeba dawa ya makufuli. Sura ya 4 au ya 5 lifanye kazi kweli, lakini kwa jambo dogo: mwizi wa kuku anaamkiwa na mtoto, anajisahau, "Marahaba", na mlango unajifunga naye yumo bandani. Kisha acha sura tano zipite. Hapo, mauaji yakiwa yamekwishatokea tangu mapema, muuza vitumbua anamwambia mpelelezi, huku akivigeuza kwa kijiti:

"Sukari imepanda tena. Mwalimu naye alipita alfajiri, nikamwambia sabalkheri, akanipungia mkono tu, shavu kalifunga kitambaa, labda jino. Na yule dereva hajanilipa mpaka leo."

Msomaji anaona jino, mpelelezi anaona kufuli. Angalia salamu ilipokaa: katikati ya malalamiko mengine. Ukiiweka mwisho wa aya, umeipigia ngoma. Na usiongeze dawa ya pili sura ya 18 hata ukikwama vipi. Rudi nyuma urekebishe ya kwanza. Sababu ya kuua nayo iwe ya watu: shamba, mirathi, aibu. Uchawi uwe panga, usiwe chuki.

*Kama mpelelezi anaongea na wafu, kwa nini asimwulize marehemu nani kamuua? (Kigoma, na wengine wanne)*

Kwa sababu alipigwa kwa nyuma. Au mzimu unamlinda mwanawe. Au mahakama ya dunia hiyo haipokei ushahidi wa kuzimu. Chagua moja, iseme mapema, na tusirudie swali hili.

*Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ni fantasia? (Zanzibar)*

Hapana. Ni upelelezi mtupu, wa mwaka 1960. Mzimuni panapatikana maiti, watu wanaogopa mizimu, na woga huo unamfaa muuaji. Mpelelezi wake, Bwana Msa, haukubali woga huo. Anayetaka kuandika fantasia ya mauaji kwa Kiswahili aisome kwanza aone imani ya watu inavyoweza kuficha ushahidi bila jini hata mmoja.

*Mhalifu wangu ni bibi kizee mwenye macho mekundu. Nimfanye aogopeshe zaidi vipi? (Mwanza)*

Mbadilishe. Huko kwenu na Shinyanga vikongwe wa kweli wamekatwa mapanga kwa macho kama hayo, na wekundu huo ni wa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Mara nyingine nyuma ya tuhuma kulikuwa na shamba. Kama unataka riwaya, hapo ipo: bibi awe marehemu, na mpelelezi aanze kwa kuuliza nani anarithi.

*Naomba PDF ya hicho cha Bennett. (Bila mji)*

Hapana.

*Maiti apatikane ukurasa wa ngapi? (Dodoma)*

Kwa riwaya ya maneno 60,000, kabla ya neno la 8,000. Mlevi wa makufuli awe amekwishapita.