Ares na Mars: si mungu yule yule

Ndugu yangu, umeuliza kama Ares wa Wagiriki na Mars wa Warumi ni mungu mmoja wa vita aliyebadilishwa jina tu. Hapana, na hapa ndipo wengi hukosea.

Ares ni vita kwa sura yake mbaya: damu, vurugu, hasira isiyo na mpango. Katika Iliadi, utenzi wa Homer kuhusu vita vya Troya, shujaa Diomedes, binadamu tu, anamchoma mkuki kwa msaada wa Athena, mungu wa kike wa hekima na mbinu za vita, naye Ares anakimbilia Olympus, mlima wa miungu, kulalamika. Zeus, mfalme wa miungu, anamjibu kwamba kati ya miungu yote, yeye Ares ndiye anayechukiza zaidi machoni pake. Hebu fikiria, baba mzazi! Wagiriki waliotaka ushindi wa akili na mbinu walimwelekea Athena.

Mars aliheshimiwa mno. Warumi walimwita baba wa Romulus na Remus, mapacha wa hadithi ya kuanzishwa kwa Roma, kwa hiyo walijiona uzao wake. Tena alilinda mashamba. Wakulima walimwomba akinge mazao na mifugo dhidi ya maradhi, jambo ambalo kwa Ares hulioni kabisa. Hata Machi, mwezi tunaoutaja kila mwaka, una jina lake. Mwaka 2 KK Kaisari Augustus, mtawala wa Roma, alimzindulia hekalu mjini Roma akiwa Mars Ultor, yaani Mlipiza Kisasi.

Usimsahau Bellona, mungu wa kike wa vita wa Warumi. Hekalu lake lilikuwa nje ya mpaka mtakatifu wa mji, na humo Seneti ilikutana na majemadari waliorudi kutoka vitani.