Je, kumwachia mtu baki ndugu yangu mlemavu ni kuitupa amana?

SWALI: Asalaam alaykum sheikh. Naishi Chang'ombe, Dodoma. Tangu mama afariki namlea mdogo wangu wa kiume, miaka 24, ana mtindio wa ubongo. Haongei, na kuoga anaogeshwa. Nauza nafaka soko la Majengo. Msichana niliyemweka nilimkuta amemfunga kwa kanga kwenye kiti. Ndugu zetu Kondoa wanasema kumwachia mtu baki ni kuitupa amana ya mama. Nina dhambi?

JIBU: Wa alaykum salaam dada yangu. Hiyo kanga imeniuma sana. Amana hujaitupa, umetoka kutafuta riziki yake na yako, na ukarudi kutazama.

Kumwekea mlemavu msaidizi si jambo geni katika Uislamu. Khalifa Al-Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala mwaka 705 hadi 715, aliwapa viwete watumishi na vipofu waongozaji. Suala ni nani unamweka. Katika Surat Al-Qasas aya ya 26, binti wa Madyan anamwambia baba yake kuhusu Musa kwamba mbora wa kumwajiri ni mwenye nguvu, mwaminifu. Na alikwisha kumwona kisimani akiwanyweshea mifugo yao. Alishuhudia kwanza, ndipo akamsifu.

Nawe shuhudia. Msaidizi mpya aanze siku ambazo upo nyumbani. Mtazame anavyomnywesha uji: anasubiri ameze, au anasukumiza kijiko? Mdogo wako haongei, lakini akijikunja kila mtu yule anapoingia, amekwisha kusema. Siku nyingine rudi saa sita bila taarifa. Hiyo si dhana mbaya, Mtume (s.a.w.) alimwambia mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu.

Tena huyu ni mwanamume mzima. Kumwogesha asiachiwe msichana asiye maharimu wake, yaani asiye ndugu wa karibu aliyeharamishwa kuoana naye. Tafuta mwanamume, na ujira wake usicheleweshwe. Kabla ya hapo waulize hao ndugu wa Kondoa: kijana gani wa ukoo atakuja? Undugu wao kwake haukufa na mama. Asiyeweza kuja achangie mshahara.

La kumfunga usilinyamazie. Mweleze afisa ustawi wa jamii wa kata yenu, kwa sababu msichana yule kesho ataajiriwa nyumba nyingine, kwa mtoto mwingine asiyeweza kusema.